Nina midundo zaidi ya mia tatu lakini sina wimbo: ni lipi linalonizuia kuwa mtayarishaji wa hip-hop?

Mwanagenzi ameuliza:

Habari zenu, wakubwa zangu. Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikitengeneza midundo ya hip-hop kwa kutumia kompyuta ya kawaida, kinanda kidogo chenye vibonyezo 25 na spika za masikioni, na nilipohesabu juzi nilikuta nina mafaili 312. Nilipoyasikiliza moja baada ya jingine moyo ulinishuka, kwa sababu karibu yote ni vipande vya baa nane, yaani mapigo 32 yanayojirudia tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata kimoja ambacho kimewahi kuwa wimbo uliokamilika na ukatoka kwa jina langu.

Nimewaandikia marapa wengi wenye majina makubwa na kuwaambatishia midundo yangu, na hakuna aliyejibu. Wachanaji wawili wachanga walichukua midundo wakaitumia bila kunitaja. Rafiki yangu mmoja ananishauri ninunue mashine halisi ya sampuli, yaani ya kunasa na kukata vipande vya rekodi, na spika nzuri za studio, kwa kuwa anaamini sauti yangu ni nyepesi kwa sababu ya vifaa. Mwingine anasema nifungue ukurasa wa kuuza midundo mtandaoni na nisahau habari za kukaa studio na wasanii. Niongeze pia kwamba karibu nusu ya midundo hiyo imejengwa juu ya vipande nilivyovikata kutoka kwenye rekodi za zamani za soul na jazi.

Nataka kuifanya kazi hii iwe kazi ya maisha yangu. Naomba majibu ya watu walioipitia njia hii, hata kama majibu yenyewe ni machungu.

Fundi Mkongwe amejibu:

Mdogo wangu, nimekaa nyuma ya mitambo ya studio kwa miaka kumi na minane, na naona kwamba umelijibu swali lako kwenye kichwa cha habari chenyewe. Una midundo 312 na huna wimbo. Kutengeneza mdundo na kutayarisha wimbo ni kazi mbili zinazoanzia mahali pamoja kisha zikaachana njiani: mtengeneza midundo huridhika pale kipande kinapomfanya atikise kichwa, ilhali mtayarishaji hawezi kuridhika hadi ubeti, kiitikio, sauti ya mchanaji na ukimya ulio katikati yao vimekaa mahali pake. Watu hawakumbuki midundo, wanakumbuka nyimbo, na jina la mtayarishaji hupanda pamoja na nyimbo alizozimaliza.

Kuhusu vifaa, tafadhali usinunue chochote kwa sasa. Historia ya muziki huu kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliotumia walichokuwa nacho. Pale Bronx, New York, kwenye sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973 ambayo wengi huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip-hop, DJ Kool Herc alikuwa na sahani za santuri na mashine za kuzichezea, basi. Alichokigundua ni kwamba wachezaji walikuwa wakisubiri kile kipande kifupi ambapo ngoma hubaki peke yake, naye akatafuta namna ya kukirefusha kwa kutumia nakala mbili za santuri ileile. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ilitengenezwa kati ya mwaka 1980 na 1983 tu, kisha ikasitishwa. Zilizobaki ziliuzwa kwa bei nafuu kama vitu vilivyopitwa na wakati, zikaangukia mikononi mwa vijana ambao hawakuwa na uwezo wa kununua kitu kipya, na leo ile besi yake ndiyo msingi wa nusu ya hip-hop tunayoisikia.

Chukua mfano mwingine, kwa kuwa unafikiria mashine ya sampuli. E-mu SP-1200, iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa na nafasi ya sekunde kumi hivi tu za sauti kwa jumla. Watayarishaji waliicheza santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa mwendo wa 45 ili kipande kiingie kikiwa kifupi, kisha wakakipunguza mwendo ndani ya mashine, na ule ukwaruzo uliotokana na hila hiyo ndio ukawa sauti ya zama nzima. Miaka ya mwanzo ya 2000, mtayarishaji 9th Wonder alijulikana kwa midundo aliyoitengeneza kwenye programu ya FL Studio, wakati ambapo wengi waliiona programu hiyo kuwa kitu cha kuchezea watoto. Kompyuta uliyonayo ina uwezo mkubwa kuliko vyote hivyo kwa pamoja, na kwa hiyo siamini kwamba wepesi wa sauti yako unatokana na vifaa.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Piga hesabu nami: katika mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, ubeti wa baa 16 huchukua takriban sekunde 43. Kipande chako cha baa nane kinasikika mara mbili ndani ya ubeti mmoja, na katika wimbo wenye beti mbili na kiitikio kinachorudi mara tatu, msikilizaji atakisikia mara saba au zaidi bila badiliko lolote. Peke yake kinapendeza kwa sababu umekijaza. Kinanda kinaimba, gitaa linajibu, tarumbeta inapita juu, na hakuna mahali ambapo binadamu anaweza kuingiza sauti yake. Ninashuku kwamba baadhi ya wale walionyamaza ulipowaandikia waliusikia ujazo huo, wakajaribu kuchana, wakaona hakuna pa kukaa.

Mimi mwenyewe nilifundishwa hili na mchanaji ambaye hakuwa akijulikana na mtu yeyote. Nilimchezea mdundo niliokuwa nikijivunia, akasikiliza, akaniomba niondoe kinanda chote kwenye ubeti wa pili nibakize ngoma na besi peke yake. Niliumia, kwa sababu kile kinanda kilinichukua siku tatu. Nilikiondoa, akaanza kuchana, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba maneno yake yalikuwa na mdundo wake mwenyewe ambao mimi nilikuwa nikiufunika. Tangu siku hiyo, kabla sijasema mdundo umekwisha, nahesabu ni vitu vingapi ninavyoweza kuvitoa ukabaki umesimama.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uchague midundo kumi kati ya hiyo 312, si zaidi, umtafute mchanaji mmoja aliye katika ngazi yako, mwenye njaa kama yako, mkae naye chumba kimoja. Acha kuwaandikia wenye majina. Wao hupokea midundo mingi kuliko wanayoweza kuisikiliza, na wengi huwaamini watu waliokuwa nao tangu hawajajulikana. Ukiwa na huyo mchanaji, kazi yako itakuwa kumwambia kwamba mstari wa tatu ameusoma badala ya kuusema, kwamba kiitikio chake kinahitaji pumzi, kwamba arudie ubeti mzima akiwa amesimama. Katika mstari wake mzito kuliko yote, zima ngoma kwa nusu ya baa ili neno lianguke peke yake. Huo ndio utayarishaji, nao haufanyiki kwa barua pepe. Nyimbo tano mlizozimaliza pamoja zitakufungulia milango ambayo mafaili 312 hayajaweza kuigusa.

Sikio Kwanza amejibu:

Nakubaliana na kaka Fundi karibu katika kila kitu. Mimi ni mhandisi wa sauti, na kazi yangu kubwa ni kuchanganya nyimbo za hip-hop ambazo watu wengine wamezitayarisha, hivyo nitazungumzia huo wepesi wa sauti uliotajwa, kwa kuwa una sababu zake na unatibika bila kununua spika.

Sababu ya kwanza ni kwamba vijana wengi huchagua besi ya 808 kwa uzuri wake na kusahau kwamba ni noti kama noti nyingine yoyote. Isipolinganishwa na ufunguo wa wimbo, itapigana na kinanda na kila kitu kitasikika kimelegea. Ya pili ni kwamba besi hiyo mara nyingi hukaa kwenye hertz 40 hadi 60, wakati spika ya simu haitoi kwa nguvu sauti zilizo chini ya hertz 200 hivi. Kwa hiyo anayesikiliza kwenye simu hasikii besi yako kabisa. Dawa yake si kuipandisha, kwa sababu utaharibu sauti kwenye spika kubwa. Iongezee ukwaruzo kidogo kwa plagini ya kukwaruza sauti, ili juu ya noti ya hertz 55 zijitokeze sauti za 110, 165 na 220, na sikio la msikilizaji litaijenga noti ya chini lenyewe hata kama spika haiitoi. Halafu, pale kiki, yaani ile ngoma nzito ya chini, na besi zinapopiga kwa wakati mmoja, mojawapo lazima ipishe. Ishushe besi kwa kitambo kidogo sana kila kiki inapogonga, na utashangaa namna vyote viwili vinavyokua.

Sikiliza kwa sauti ya chini unapopima uwiano. Masikio yetu huongeza ukubwa wa besi na sauti kali kadiri tunavyopandisha sauti, na ndiyo maana mdundo uliokuvutia usiku ukiwa umeupandisha juu unaonekana mwembamba asubuhi. Isitoshe, masikio ndiyo mtaji wako pekee usioweza kununua upya. Kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa afya kazini wa Marekani ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, maana yake ni kwamba kwenye desibeli 94 una saa moja tu. Nimefanya kazi na watayarishaji wenye vipaji vikubwa ambao sasa masikio yao yanalia mlio usiokoma, na huwa naumia ninapoliona jambo hilo.

Kuna kitu kingine ambacho hakihusu uhandisi lakini siwezi kukipita. Midundo mingi ya wanaoanza imenyooka mno, kwa sababu kompyuta huziweka ngoma zote mahali palepale pa hesabu. Roger Linn, aliyebuni mashine ya Akai MPC60 iliyotoka mwaka 1988, aliweka ndani yake kipimo cha mbembeo, yaani cha kuchelewesha kidogo kila pigo dogo la pili, kinachoanzia asilimia 50, ambapo mapigo madogo yanalingana, na kwenye asilimia 66 yanakuwa ya utatu kamili; lakini utamu mwingi uko katikati, kwenye 54, 56 au 58, ambapo mtu hawezi kusema kwa hakika ni nini kimebadilika ila mwili wake unajua. Mtayarishaji J Dilla wa Detroit alikwenda mbali zaidi kwa kuweka ndani ya mdundo mmoja ngoma zilizonyooka pamoja na zilizobembea, na wengi waliomwiga walidhani alikuwa akicheza ovyo tu, kumbe kila kuchelewa kulikuwa kumechaguliwa. Chukua mmoja wa midundo yako, usiguse sauti yoyote, sogeza snea, ile ngoma ya mlio mkali, na matoazi peke yake kwa jioni nzima. Utajifunza zaidi kuliko kwa kutengeneza midundo mipya ishirini.

Na unapomtumia mhandisi kazi, mpe kila chombo kwenye faili lake, katika biti 24, bila kuminya sauti ya jumla ili isikike kubwa. Mdundo uliominywa hadi juu haumwachii mchanaji nafasi, na mimi siwezi kuurudisha ulivyokuwa.

Mtunza Mikataba amejibu:

Ndugu Mwanagenzi, wenzangu wamezungumzia sauti, nami nitazungumzia karatasi, kwa sababu nilianza nikiwa mtayarishaji na nikalazimika kujifunza sheria za hakimiliki kutokana na hasara. Mdundo wangu mmoja ulitumiwa katika wimbo uliopigwa redioni kwa miezi mingi. Tulikubaliana kwa mdomo, mimi na mchanaji tuliyekuwa tukila sahani moja, na wimbo ulipoanza kuingiza fedha kila mmoja wetu alikuwa na kumbukumbu tofauti ya makubaliano hayo. Sikupata kitu, na urafiki pia ulikwisha.

Elewa kwanza kwamba kila wimbo una mali mbili ndani yake: utunzi wenyewe, yaani maneno na muziki, na rekodi iliyofanywa siku ile studio. Katika hip-hop ni desturi inayokubalika na wengi kwamba aliyetengeneza mdundo hupata nusu ya utunzi na walioandika maneno hugawana nusu nyingine. Kuhusu rekodi, mtayarishaji huomba asilimia fulani ya mapato, ambayo mara nyingi hujadiliwa kati ya 2 na 5, pamoja na malipo ya awali. Hayo yote ni mazungumzo, si sheria, na ndiyo maana ni lazima yaandikwe. Jisajili katika chama cha kukusanya mirabaha na usajili kila wimbo, kwa sababu fedha za utunzi zisizo na jina hazimtafuti mwenyewe.

Kuhusu zile sampuli, hapo nakuonya kwa dhati. Ukikata kipande cha santuri unahitaji ruhusa mbili, ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi. Hadi mwaka 1991 wengi walifanya bila kuuliza, kisha mwezi Desemba mwaka huo mahakama ya New York ikatoa hukumu dhidi ya rapa Biz Markie na kampuni yake kwa sampuli ya wimbo wa mwimbaji Gilbert O'Sullivan, na tangu hapo kampuni za rekodi zikaanza kudai vibali kabla ya kutoa albamu. Mwaka 2005 mahakama moja ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba hata kipande cha gitaa cha sekunde mbili kilichopunguzwa na kurudiwarudiwa kinahitaji leseni ya rekodi. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufaa ikaona tofauti kuhusu mlio wa tarumbeta usiofika hata sekunde moja. Ikiwa majaji wenyewe hawakubaliani, wewe usijenge maisha yako juu ya tumaini kwamba hakuna atakayegundua, hasa leo ambapo mifumo ya majukwaa hutambua sauti yenyewe.

Kuuza midundo mtandaoni si kosa, na hapa natofautiana kidogo na Fundi, anayetaka kila kitu kifanyike chumba kimoja. Wapo waliofungua njia kwa namna hiyo. Mtayarishaji YoungKio wa Uholanzi aliuweka mdundo wake mtandaoni, rapa Lil Nas X akaununua kwa dola 30, na ukawa wimbo wa Old Town Road uliokaa nafasi ya kwanza ya chati ya Billboard Hot 100 kwa wiki 19 mwaka 2019. Lakini mdundo huo ulikuwa na sampuli ya bendi ya Nine Inch Nails, na ilibidi kibali kitafutwe baada ya wimbo kuwa umeshapanda, na Trent Reznor na Atticus Ross wa bendi hiyo wakaingizwa miongoni mwa watunzi. Ukiuza, tenganisha waziwazi leseni isiyo ya kipekee, ambayo wengi wanaweza kuinunua, na ile ya kipekee inayouondoa mdundo sokoni.

Fundi Mkongwe amejibu:

Nayapokea hayo kuhusu kuuza mtandaoni. Ninachokiogopa ni kijana kubaki mbele ya kompyuta miaka mingine minne, akipakia midundo na kuhesabu waliobonyeza. Na tafadhali, usimtolee mchanaji mkataba wa kurasa sita siku ya kwanza mnapokutana, atakukimbia.

Mwanagenzi ameuliza tena:

Nawashukuru sana wote. Jana nilifungua midundo kumi na kuanza kutoa vitu kama kaka Fundi alivyoelekeza, na katika mitatu nimegundua kwamba ngoma zilikuwa dhaifu, nilikuwa nikizificha nyuma ya kinanda.

Lipo jambo linalonisumbua sasa. Mchanaji mmoja wa ngazi yangu ameupenda mdundo wangu mmoja na ameshaandika beti mbili nzuri mno. Anataka tuutoe mwezi ujao. Umejengwa juu ya baa mbili za kinanda kutoka kwenye rekodi ya zamani ya soul. Yeye anasema sisi ni wadogo, hakuna atakayejali. Je, nikiyapiga upya yale mapigo ya kinanda kwa mkono wangu mwenyewe, nitakuwa nimejiokoa? Na mkataba niuandike namna gani bila kumtisha?

Mtunza Mikataba amejibu:

Ukiyapiga upya utakuwa umeondokana na ruhusa ya mwenye rekodi, kwa kuwa hutumii tena rekodi yake, lakini ruhusa ya mwenye utunzi bado utaihitaji, kwa sababu noti ni zilezile. Mkiwa wadogo, huenda asiwajali mtu. Tatizo ni siku mtakapoacha kuwa wadogo, kwani wimbo utakuwa bado uko pale na madai yatahesabiwa kwa ukubwa wenu wa siku hiyo. Kwa mwezi mmoja sioni kama mtapata kibali. Hifadhi beti zake, kwa sababu ndizo zenye thamani, na umtengenezee kinanda kipya chenye hisia ileile lakini noti na mpangilio wako mwenyewe.

Kuhusu makubaliano, Fundi ana haki, kurasa sita hazihitajiki. Mwandikie ujumbe mmoja mnapomaliza kurekodi: jina la wimbo, tarehe, majina kamili ya mlioshiriki, asilimia ya kila mmoja katika utunzi na katika rekodi, na namna jina lako litakavyoandikwa wimbo utakapotoka. Mwombe ajibu kwamba amekubali, kisha muutie saini kwenye karatasi kabla wimbo haujapakiwa popote.

Sikio Kwanza amejibu:

Unapotunga hicho kinanda kipya, usiisikilize ile rekodi kwa wiki nzima. Weka beti zake peke yake, bila mdundo wowote, utafute noti zinazoifuata sauti yake inapopanda na kushuka. Ukikwama, nitumie beti hizo pamoja na ngoma nami nitakusaidia kusikiliza, bila malipo.

Fundi Mkongwe amejibu:

Na ngoma hizo dhaifu zitengeneze kwanza, mdogo wangu, kabla hujagusa kinanda. Mwite mchanaji aje uchezeshe ngoma tupu, achane juu yake mara tatu, na uone kama bado anataka kuendelea.